Siku Niliyoegemea Ukuta wa Mama Mkwe

Wenzangu, nianze tu kwa kukiri, maana wengine mmeshasikia nusu ya habari hii huko mitaani, na hiyo nusu imeongezwa chumvi (ile ya kwamba nililia kama mtoto si kweli, saruji iliniingia machoni, na saruji ikikuingia machoni hata wewe utalia). Mimi, Butoyi, fundi ujenzi wa Kasulu, baba wa watoto watatu, mtu mzima mwenye pima maji yake na heshima yake, naona aibu hadi leo. Kuna njia fupi ya kwenda ukweni kwangu Heru Juu, inapita kando ya tanuru la matofali, lakini mimi nazunguka na barabara kubwa kwa pikipiki nachoma petroli bure, kwa sababu pale tanurini wakiniona tu mmoja anaweka mgongo kwenye lundo la matofali, anakunja mikono kifuani, na wenzake wanapiga kelele, "Fundi Egemea! Fundi Egemea!" Na hawakosei, kwa sababu ni kweli niliegemea.

Habari yenyewe ilianzia Kibondo, kule Murungu, ambako mradi mmoja ulikuwa unajenga nyumba za wauguzi kwa matofali ambayo sisi hatujawahi kuyaona toka tuzaliwe. Mnalijua lile povu jeupe gumu linalokuja ndani ya boksi la televisheni mpya? Sasa hilo hilo limetengenezwa kuwa tofali kubwa lenye uwazi katikati, jepesi, unalibeba kwa mkono mmoja na mkono mwingine unaongea na simu. Unayapanga, unachomeka nondo kwenye uwazi, unafunga mbao kwa nje yasiyumbe, halafu unamwaga zege humo ndani, na zege likishakauka povu haliondolewi, linabaki pale pale ndani na nje, ukuta umevaa sweta pande zote mbili, baridi haipiti. Na baridi ya huku kwetu mwezi wa sita na wa saba sihitaji kuwahadithia, watumishi wanaoletwa kutoka Pwani ndio wanaoweza kuwaambia vizuri, maana wanafika na mashati ya mikono mifupi na wiki ya pili wanaulizia mablanketi.

Pale Murungu nilikaa miezi kadhaa, kazi yangu kufunga zile mbao za nje, na mwenzangu mkubwa alikuwa Papa Mishele, Mkongomani aliyeoa Kagerankanda siku nyingi, mtu wa zege, mpole, mwenye daftari. Hilo daftari tulikuwa tunamcheka nalo. Kila Jumamosi asubuhi injinia alikuwa anatupa somo, hiki kinafaa, hiki hakifai, na Papa Mishele anaandika kila neno, na sisi wengine tunasikiliza huku tunakuna videvu. Jumamosi moja nilitoroka kwenda kunyoa kwa sababu mchana kulikuwa na harusi. Ni Jumamosi moja tu, jamani, lakini naomba muikumbuke.

Mradi ulipoisha yalibaki matofali ya povu ya kutosha nyumba ndogo, wakatuuzia sisi mafundi kwa bei ya kuondoa takataka, nikayachukua yote. Nilikuwa namfikiria mama mkwe wangu, mama yake Skola mke wangu. Nyumba yake pale Heru Juu ilikuwa ya tofali mbichi, mvua za mwaka uliopita zikaangusha nusu, yeye akabaki kwenye chumba kimoja chenye nyufa anakohoa kuanzia jioni hadi asubuhi. Baba mdogo wa Skola, Mzee Ntakije, mwenye lile tanuru, alishamtengea matofali ya kuchoma ya nyumba nzima, bure, lundo liko pale linaonekana. Mimi nikajitokeza na mdomo wangu nikasema hapana, mama hatalala kwenye baridi tena, mimi mkwe nitamjengea nyumba ambayo Kasulu nzima haipo. Na mama mkwe akakataa matofali ya shemeji yake akachagua povu la mkwe. Kwa hiyo mjue uzito wa jambo lenyewe: ilikuwa mwezi wa tisa, mvua zinakaribia, na yule mama alikuwa ameweka mapafu yake mikononi mwangu.

Sasa lazima niwaeleze jambo moja kwa wale ambao si wa huku. Kwetu mkwe na mama mkwe hawazoeani. Hampeani mikono, hamli pamoja, ukimwona anakuja njiani wewe unasogea pembeni unaangalia chini mpaka apite, na kama ana neno na wewe anamtuma mtu. Miaka kumi na moja nimeoa, sauti ya mama mkwe nilikuwa naisikia ikipitia kwa Skola tu, "Mama anasema hivi, mama anasema vile," na wakati mwingine mama mwenyewe yuko nyuma ya mlango hatua tatu na nimeshamsikia, lakini tunangoja Skola arudie. Ndiyo heshima yenyewe, na mimi nilikuwa najivunia kuwa mkwe anayeijua.

Basi tukapanga kuta, mimi na Papa Mishele, siku nne tu kuta zimesimama, nyeupe, watu wanatoka Kasulu mjini kuja kushangaa. Mzee Ntakije alikuwa anakuja kila siku na kiti chake, anakaa kivulini anauliza, "Mkwe, hiyo nyumba ya godoro mtalala ndani au mtalalia ukuta?" Watu wanacheka. Mimi namjibu, "Baba mdogo, subiri zege." Tukakubaliana zege liwe Jumamosi, majirani wakaalikwa, pombe ya ndizi ikawekwa, Skola na dada zake wakaanza kuchambua maharage.

Ijumaa jioni, Papa Mishele ameshaenda kwake, nimebaki peke yangu nakagua, nikatazama upande wa nyuma. Huko kulikuwa na kichuguu kikubwa, kati ya kichuguu na ukuta ni kinjia tu cha mtu mmoja kupita. Nikajisemea, hawa mchwa wa Heru Juu wanakula nguzo, wanakula milango, watashindwa povu? Marehemu baba yangu alikuwa seremala, na nguzo zake zote alikuwa anazipaka oili chafu ya gari, na mpaka kesho zimesimama. Nikatafuta oili chafu nikaipata, lakini ilikuwa nzito, haisambai. Sasa oili nzito unaifanyaje? Unaizimua. Nikafungua tangi la pikipiki yangu, nikachukua petroli, nikachanganya kwenye galoni, nusu kwa nusu, nikachukua brashi nikaanza kupaka chini ya ukuta ule wa upande wa kichuguu, nafurahia mwenyewe kwamba hata yule injinia hakuwa na akili hii.

Ukuta ukaanza kutoa sauti, ssss. Mimi nikasema ehee, unakunywa vizuri. Nikaongeza.

(Mnaojua mnacheka tayari. Mimi sikujua. Ile Jumamosi niliyoenda kunyoa, somo lilikuwa la vitu vinavyokula povu, na cha kwanza kwenye orodha ni petroli. Petroli ikigusa lile povu inaliyeyusha kama sukari kwenye chai ya moto. Papa Mishele aliandika kwenye daftari na kupiga mstari chini mara mbili, nilikuja kuonyeshwa baadaye.)

Asubuhi nikafika mapema, watu wengine bado, nikaenda nyuma, nikaona. Tofali zote za mstari wa chini upande ule zimebonyea, zimetoboka toboka, mahali pengine unaona nondo kabisa, na pale katikati pamebaki ganda ukilisukuma kwa kidole linaingia. Hapo hapo ningeweza kusimamisha kazi, kuna matofali mengine sita yalikuwa yamebaki, ningefungua ule mstari tukabadilisha, siku moja tu au mbili. Ningesema, "Jamani, nimekosea, rudini Jumatatu." Lakini nikasikia kikohozi cha Mzee Ntakije na kiti chake kinaburuzwa kuja kivulini, na nikasikia sufuria jikoni, na nikaogopa kuchekwa. Nikachota udongo nikaziba vile vishimo, nikasimamisha ubao mmoja mpana kuanzia chini hadi kiunoni, nikaukaza kwa mti mmoja ulioegeshwa kwenye kichuguu. Kwa mbali panaonekana pamefungwa vizuri kuliko pengine.

Skola akaja ananitafuta. "Baba Anitha, mama anasema ukuta wa upande wa kichuguu umeliwa. Anasema aliamka akauona dirishani."

"Mwambie mama huo haujaliwa, povu likikaa usiku linajishika lenyewe, ni kawaida," nikamwambia. Uongo wa kwanza, saa moja asubuhi.

Akaenda, akarudi. "Mama anauliza, na ile harufu?"

"Mwambie ni pikipiki yangu inavuja."

Wa pili huo. Wa tatu nilimwambia Papa Mishele mwenyewe, maana alifika tu akasimama, akavuta hewa, akasema, "Chef, uku kunanuka esansi. Nani alimwanga esansi uku?" (Chef kwao ni bosi, esansi ni petroli.) Na mimi fundi mkuu nikamjibu bila aibu kwamba pikipiki ya jirani ilianguka jana. Akanitazama kidogo. Papa Mishele si mtu wa kubishana na mtu aliyempa kazi. Akaenda kwenye mchanga wake.

Watu walikuja wengi, wanaume kwa wanawake, makarai, ndoo, makoleo, nyimbo zikaanza, zege likaanza kupanda jukwaani mkono kwa mkono. Papa Mishele alikuwa anawaambia taratibu, "Tunafika mu kiuno, tunazunguka nyumba yote, tunapumzika mbele ya kuendelea," na ndivyo tulivyofanya kule Murungu, kwa sababu zege bichi lina uzito na linasukuma povu kwa nje. Lakini majirani zangu wale zege wanalolijua ni la jamvi, lile la kumwaga sakafuni, na kwenye jamvi kila mtu anajua zege halilali, mkishaanza hakuna kupumzika mpaka mwisho, na tena kuna pombe inawangoja. Wakawa wanakimbizana. Ningeweza kuwazuia, mimi ndiye fundi, wangenisikia mimi. Lakini mimi sikuwa jukwaani. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nimeegemea ukuta.

Ndiyo. Zege lilipoanza kushuka upande ule nilisikia ubao unalia, kriii, nikaangalia huku na huku, nikaweka mgongo wangu kwenye ubao kama mtu anayepumzika, nikakunja mikono kifuani, mguu mmoja nimekanyaga kichuguu. Na ikasaidia. Ubao ukanyamaza. Nikajua basi, nikitoka hapa umekwisha, nikibaki mpaka zege lishike kidogo nimepona. Nikawa natoa amri nikiwa pale pale. "Ongeza kokoto! Wewe, shikilia ndoo vizuri!" Mtu akija kuniuliza kitu namwelekeza kwa kidevu. Mzee Ntakije akanyanyuka na kiti chake akaja kukaa mahali pa kunitazama vizuri. "Fundi mkuu amechoka?" akauliza. Nikamwambia hapana, nauhisi ukuta kwa mgongo, ndiyo utaalamu wenyewe wa kisasa. Watu wakatikisa vichwa, ona mambo ya elimu. Chakula kikaja, ugali wa muhogo na maharage, wengine wanakula kwa zamu wamekaa, mimi nikaomba sahani niletewe pale ukutani. Nilikula nimesimama, mgongo umelowa jasho, na bado nilikuwa natabasamu. Nikikumbuka lile tabasamu ndipo naona aibu zaidi kuliko yaliyofuata.

Ilipofika saa nane zege lilikuwa linakaribia juu kabisa, na Mzee Ntakije akapaza sauti, "Karai la mwisho amwage mwenye nyumba!" Watu wakashangilia. Mimi moyoni nikasema vizuri, mama atapanda jukwaani kwa mbele, atamwaga, kwisha. Lakini kwa mbele palikuwa pamejaa watu na rundo la mchanga. Nikasikia wanawake wanapiga vigelegele, vinakuja upande wangu, na pale kwenye kona, kwenye kile kinjia cha mtu mmoja kati ya kichuguu na ukuta, akatokea mama mkwe wangu. Amefunga kitenge kipya, karai dogo la zege mikononi, na anakuja moja kwa moja, macho yake yako kwangu.

Sasa niambieni mngefanya nini. Mama mkwe anakuja, njia ni nyembamba, na mimi nimeiziba kwa mwili wangu, uso kwa uso, nimekunja mikono kifuani. Miaka kumi na moja ya heshima iko ndani ya damu. Kichwa kilisema usitoke, miguu ikatoka. Nilisogea pembeni, nikainamisha kichwa, kama mkwe mwema.

Ubao ulipasuka kabla hata sijamaliza kuinama.

Nilichofanya baadaye sijui kama ni ushujaa au wazimu, nilimsukuma mama kwa mkono (nilimgusa mama mkwe, andikeni hilo nalo) akaangukia upande wa kichuguu salama, nikarudi kujaribu kuuzuia ukuta kwa kifua, na ukuta ukaja wote. Povu lilivunjika, zege likatoka kama uji, zito, lenye kokoto, likanifunika miguu, magoti, mapaja, likasimama kiunoni. Huko juu waliokuwa jukwaani walikuwa hawajajua, wakaendelea kumwaga, kwa sababu zege halilali, na makarai mawili mazima yalinishukia kichwani.

Hapo ndipo saruji iliponiingia machoni, naomba ieleweke.

Wakaja na makoleo, wakaja na mikono, wakanivuta sitoki, buti za mpira zilikuwa zimenyonywa huko chini. Papa Mishele akawa anapiga kelele, "Mumuvute mbiyo, saruji itamuchoma ngozi!" Wanaume sita wakashika makwapa yangu, moja, mbili, tatu, nikatoka. Buti zikabaki. Suruali nayo ikabaki. Nikasimama mbele ya Heru Juu nzima na mbele ya mama yake mke wangu nikiwa na shati na chupi tu, na chupi yenyewe ilikuwa na tundu, jamani, mtu hajui siku ya ajali angevaa nzuri. Watu wakacheka kicheko ambacho sijawahi kusikia mahali pengine. Ni mama mkwe ndiye hakucheka. Alifungua kitenge chake kipya kilichokuwa juu ya gauni, akaja mwenyewe, akanifunga kiunoni, akakaza fundo kama anavyofungwa mtoto, akanimwagia ndoo ya maji miguuni.

Ningekuwa nimeishia hapo ningekuwa na aibu ya kawaida tu. Mzee Ntakije alisimama kwenye kiti chake akauliza, "Sasa hii imekuwaje?" Mmoja wa majirani akajibu, "Zege lilikuwa jepesi, maji yalizidi." Mwingine akasema, "Nani kakoroga?" Wote wakamgeukia Papa Mishele. Wakangoja mimi niseme, maana mimi ndiye fundi.

Nikasema, "Ee, maji yalizidi kidogo."

Maneno matatu tu hayo ukiondoa ile "ee". Papa Mishele alinitazama, akaangalia lile ganda la povu lililopasuka, jeusi kwa oili, linanuka petroli mpaka angani, akajua kila kitu, na hakukisema. Akafuta koleo lake kwa majani, akaliweka begani. "Sawa, chef," akaniambia, akaondoka. Na huku kwetu fundi zege akishaitwa mtu wa maji mengi, kazi hapati tena mpaka ahame wilaya. Nilijua hilo wakati nasema.

Watu walitawanyika na pombe yao, kwa adabu ya msibani. Nikaoga, nikavaa suruali ya kuazima, nataka kuondoka kimya kimya, Skola akanishika mkono. "Mama anakuita."

"Anasemaje?"

"Hajasema kitu. Anakuita wewe."

Nikaingia kwenye kile chumba chake chenye nyufa, nikasimama mlangoni naangalia chini, namngoja Skola arudie maneno kama kawaida. Mama mkwe akamwambia Skola atoke nje. Akakohoa kwanza, muda mrefu. Halafu akaniambia mimi mwenyewe, kwa mdomo wake:

"Kaa. Mapaja yako nimeshayaona, tumebakiza nini cha kufichana?"

Nikakaa.

"Nilikuona jana na galoni," akasema. "Nilikuwa dirishani. Asubuhi nikaona ukuta umeliwa. Nimemtuma Skola mara mbili, umerudisha uongo mara mbili. Nikasema nimekuwa mzee, mila isiniue, acha nimwendee mwenyewe. Lile karai unadhani nilitaka kumwaga? Nilikuwa nakuja nikunong'oneze, watoe watu, ukuta huu unaanguka. Wewe ukanikimbia."

Nilitamani zege lingenifunika hadi kichwani.

"Nyumba itajengwa tena," akaendelea. "Mimi baridi nimeizoea. Lakini yule baba uliyemsingizia ana watoto. Mimi sitasema. Nikisema mimi, utakuwa umesemewa. Utasema wewe."

Kesho yake nilienda Kagerankanda. Papa Mishele nilimkuta anapalilia, akaniletea kigoda, akanipa maji, na huo ukarimu wake ulinichoma kuliko angenifukuza. Nikamwomba msamaha nimepiga magoti kwenye mihogo yake. Akaingia ndani akatoka na daftari, akanifungulia ukurasa, akaweka kidole kwenye ile mistari miwili. Akasema, "Mimi nimekusamehe, chef. Lakini watu waliniangalia mimi. Uwaambie bale bale, siyo mimi."

Basi Jumamosi iliyofuata Mzee Ntakije alileta yale matofali yake ya kuchoma (yalikuwa bado yapo, hakuyagusa, nadhani alikuwa anajua atayatumia wapi), ya ukuta mmoja tu, maana kuta tatu za povu zilisimama vizuri, hazikuwa na kosa, wala zege la Papa Mishele halikuwa na kosa. Watu wakaja wale wale na wengine zaidi kwa sababu ya umbea. Nikapanda juu ya kiti cha Mzee Ntakije, nikasema: mimi nilipaka petroli, mimi niliuona ukuta umekufa asubuhi, mimi niliziba kwa udongo, mimi nilidanganya mke, mama na mwenzangu, maji ya zege yalikuwa sawa. Nilingoja wanizomee. Badala yake sauti moja kutoka nyuma ikauliza, "Sasa kumbe ulikuwa umeegemea kwa sababu hiyo?" Heru Juu yote ikaanguka chini kwa kicheko, na jina nikalipata hapo hapo.

Papa Mishele sasa ana kazi kuliko mimi. Mama mkwe alihamia kabla ya mvua, kikohozi kimepungua, usiku anasema mpaka anatupa blanketi. Nilipotaka kupiga plasta nyumba nzima ili ule ukuta wa tofali usionekane, akanikataza, kuta tatu nikapiga plasta, wa nne hapana, ukaachwa mwekundu hivyo hivyo. Kila mgeni anayefika anauliza kwa nini nyumba hii ina kuta tatu za aina moja na wa nne ni wa tofali, na mama hajibu, anachukua simu yake ndogo ananipigia mimi, moja kwa moja, bila Skola. "Baba Anitha, kuna mgeni hapa anauliza ukuta." Na mimi popote nilipo, juu ya ngazi, sokoni, kanisani mlangoni, lazima nianze mwanzo mpaka mwisho, na nisiruke Papa Mishele, maana mama anasikiliza.

Kwa hiyo nimeapa: povu na petroli sitavikutanisha tena, somo la Jumamosi sitalikimbia hata kama nywele zimefika mabegani, na nikiona ukuta umeliwa nitasema umeliwa, watu wakiwa wengi kiasi gani. Jana kanipigia tena. Mgeni mwenyewe alikuwa fundi wa maji tu, amekuja kufunga bomba.